Shajara ya mradi: kuchagua transfoma ya reli ya mfano, Malindi

Januari: mzigo kwanza

Reli yetu ni ya kipimo cha HO, yaani 1:87. Imejengwa juu ya meza yenye umbo la L, mbao mbili za plaiwudi za futi 8 kwa 4, katika chumba cha chini mjini Malindi. Ina njia kuu mbili, stesheni moja, yadi ya njia tano na njia panda 14, yaani sehemu za kuhamisha treni toka njia moja hadi nyingine. Upana kati ya reli ni milimita 16.5, na kwa anayeiga SGR ya Mombasa–Nairobi iliyofunguliwa 2017 hesabu inakaa vizuri kabisa: milimita 1,435 ukigawa kwa 87 unapata hiyo 16.5. Anayetaka reli ya zamani ya upana wa mita moja, ile iliyoanza kujengwa Mombasa 1896, atahitaji njia ya milimita 12, na vichwa vyake vya treni havipatikani kirahisi. Mambo ya umeme yanayofuata yanamfaa yeye pia.

Dukani swali la kwanza huwa "mnataka ya wati ngapi?" Kwetu hilo ni swali la mwisho. Kwanza tupime treni zinakula nini.

Tumepima kwa volti 12 za DC, mita ikiwa imeungwa mfululizo kwenye tundu lake la ampea 10. Kila kichwa kinazungushwa dakika kumi kipate moto, kisha kinavuta mabehewa yake, kisha kinazuiwa kwa mkono mpaka magurudumu yateleze palepale. Mwisho magurudumu yanashikwa yasizunguke kabisa, kwa sekunde moja tu, maana ikizidi hapo koili ya mota inaungua.

Kichwa cha kisasa peke yake: ampea 0.18. Kikivuta mabehewa sita: 0.35. Kikiteleza: 0.55. Kikishikwa: 0.9.
Kichwa cha zamani chenye mota bapa: 0.45, 0.70, 0.95 na 1.3.
Kichwa kidogo cha yadi: 0.25 kikifanya kazi.

Kilichotushtua ni mabehewa. Behewa la zamani lina balbu mbili za nyuzi, kila moja miliampea 50. Mabehewa sita yanafika ampea 0.6, yaani taa za abiria zinakula zaidi ya kichwa kinachowavuta. Tumezing'oa zote na kuweka LED zenye ukinzani wake, behewa zima miliampea 10. Hapo mzigo umepungua nusu ampea bila kununua chochote kikubwa, kwa hiyo kazi hii ifanywe kabla ya kwenda dukani.

Jumla, treni zote tatu zikitembea pamoja: 0.35 + 0.70 + 0.25 + 0.06 za taa + 0.15 za dikoda zenye sauti = ampea 1.51. Dikoda ni saketi ndogo ndani ya kichwa inayopokea amri za mfumo wa dijitali. Tunaongeza asilimia 40 kwa ajili ya mlima, magurudumu machafu na kichwa kitakachonunuliwa kesho. Tunapata ampea 2.1 kwenye reli. Busta ya ampea 3, kifaa kinachopeleka relini umeme pamoja na amri za DCC (mfumo wa dijitali wa kuendesha treni), inatosha na kubaki.

Angalizo kwa wenye mfumo wa dijitali: mita ya kawaida haisomi sawasawa mkondo wa DCC ulio kwenye reli. Pimeni upande wa kuingilia busta, ambako ni DC safi.

Mwisho wa Januari: vilivyo mezani

Malindi ina Waitaliano wengi, na seti zao za zamani za treni huishia kwenye maduka ya mitumba au kwa majirani. Kwa hiyo kisanduku cha kwanza kilichopatikana ni cha Italia: kuingia volti 220, kutoka volti 12 za DC na 16 za AC, plagi ya pini tatu zilizopangwa mstari mmoja. Tatizo la plagi ni dogo. Tatizo la 220 ni kubwa zaidi, kwa sababu stima yetu ni 240. Kila kinachotoka kinapanda asilimia 9: 16 inakuwa 17.5 ikiwa na mzigo, na bila mzigo inapita 19. Balbu zinawaka kwa raha na kufa mapema, lakini dikoda inaweza kufa papo hapo. Kisanduku hiki tunakibakisha kwa kazi moja tu, kujaribia kichwa kimoja cha analogi, kisicho na dikoda, na waya wake wa kuingilia umebadilishwa wote kwa sababu mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka.

Cha pili ni cha Marekani, volti 120, hezi 60. Kikichomekwa moja kwa moja kwenye 240 kinaungua. Wengi wanadhani kibadilishi cha 240 kwenda 110 kinamaliza shida. Hakimalizi, kwa sababu hezi zetu ni 50. Kiini cha chuma kilichopimwa kwa hezi 60 kikipewa 50 kinajaa sumaku mapema: kwa volti 120 kinazidiwa asilimia 20, kwa 110 kinazidiwa asilimia 10. Kinavuma, na joto linapanda hata kisipovuta treni. Volti inayokifaa kwa hezi 50 ni 100 kamili. Isitoshe, vibadilishi vingi vya madukani ni vya koili moja, havitenganishi stima ya ukutani na ile inayotoka. Kisanduku hiki kimekataliwa.

Cha tatu ni chaja ya laptopu, volti 19, ampea 3.42. Hii isidharauliwe. Inakubali kuanzia volti 100 hadi 240 na inatoa 19 ileile, stima ipande au ishuke. Kama busta yako inakubali DC ya 19 na inapunguza yenyewe mpaka 14 au 15 kwenye reli, chaja halali ni jibu zuri na rahisi. Lakini busta isiyopunguza inaipeleka karibu yote relini, na hapo HO inakimbia kama pikipiki ya boda. N, kipimo kidogo kuliko HO, nayo inapewa volti zisizo zake. Kingine, katika chaja nyingi upande hasi umeungwa na erthi. Ukiwa na busta mbili, au kompyuta iliyochomekwa kwenye mfumo uleule, njia ya siri inapita kwenye erthi na busta zinaanza kulaumiana shoti. Ziko chaja za kuchagua volti zenye 15 na 16. Hizo zinafaa zaidi kuliko za 19.

Cha nne, transfoma ya chuma yenye koili mbili zilizotenganishwa, ndicho tulichoamua kukitafuta. Hapa Malindi hewa ni ya chumvi na stima hukatika na kurudi kwa kishindo. Chaja ikipigwa na radi au chumvi inatupwa. Transfoma ya chuma inafunguliwa, inapimwa kwa mita, na fundi wa kusuka koili anaifufua.

Februari: volti ngapi?

Tumepima soketi ya chumba kwa nyakati tofauti. Usiku wa manane imefika 250. Jioni za kaskazi, viyoyozi vya mtaa mzima vikiwaka, imeshuka hadi 215. Transfoma lazima ifae ncha zote mbili, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kusoma lebo peke yake.

Hesabu ya juu, usiku, treni zimesimama. Transfoma ya volti 15 iliyosukwa kwa 240: 15 × 250/240 = 15.6. Transfoma ndogo bila mzigo hupanda kama asilimia 10: 17.2. Baada ya daraja la diodi, linalogeuza AC kuwa DC, kapasita hujaa mpaka kilele cha wimbi la AC: 17.2 × 1.414 = 24.3, toa 1.4 ya diodi, zinabaki volti 22.9. Busta yetu inakubali hadi DC ya 24, kwa hiyo tumo ndani, ingawa nafasi si kubwa.

Hesabu ya chini, jioni, treni zote zinatembea kwa ampea 2.1: 15 × 215/240 = 13.4, kilele 19.0; diodi zikiwa na mzigo zinakula 2, zinabaki 17.0. Kapasita tatu za mikrofaradi 4,700 zikiungwa sambamba ni 14,100; kati ya kilele na kilele kuna milisekunde 10, kwa hiyo volti inabonyea 2.1 × 0.010 / 0.0141 = 1.5. Sakafu ni 15.5. Busta iliyowekwa volti 14 inahitaji kama moja na nusu juu yake. Inapita, kwa sentimita ya mwisho.

Kapasita moja tu ya 4,700 ingebonyea volti 4.5, na treni zingekuwa zinafifia kila jioni bila mtu kujua kwa nini. Kapasita ni za volti 50. Za 25 zingekaa ukingoni, na kapasita inayokaa ukingoni katika chumba cha nyuzi 32 huvimba kichwa ndani ya msimu.

Kwa nini si 12? Jioni sakafu yake ni 11.7, busta inakufa njaa. Kwa nini si 18? Usiku inafika 27.8, inapita mpaka wa busta. Hata kiwango cha NMRA, chama cha reli za mfano cha Marekani, kinaitaka dikoda ya vipimo vikubwa kuliko N ihimili volti 27 tu kwa uchache. Na ile ya volti 15 iliyosukwa kwa 220? Usiku inatoa 25.1, imezidi. Kwa hiyo neno muhimu kwenye lebo si 15 peke yake, ni 15 pamoja na 240. Transfoma zenye vituo vitatu vya kuingilia, 0–220–240, ndizo za kutafutwa. Waya wa stima unaingia kituo cha 240, na kile cha 220 kinafunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto kisiguswe.

Machi: VA ngapi, na kwa nini 45 haitoshi

Hesabu ya haraka ni volti 15 × ampea 3 = VA 45. Transfoma ya VA 50 ingeonekana yatosha. Haitoshi. Kapasita hainywi mkondo mfululizo. Inavuta kwa mafunda mafupi kwenye kila kilele, na koili inapata joto la mafunda hayo. Kanuni inayofanya kazi: DC unayoruhusiwa kuvuta ni 0.62 ya ampea za AC zilizo kwenye lebo. Kwa DC ya ampea 3 unahitaji AC ya 4.84. Mara 15 ni VA 73. Tumechukua 80.

Njia panda hazihesabiwi hapa, na kwa makusudi. Mota ya njia panda ya koili hunywa ampea 3 hadi 4 kwa kufumba na kufumbua. Ikishiriki transfoma moja na treni, kila njia ikigeuzwa dikoda inajizima na kuanza upya, na treni inaruka. Kwa hiyo zimepewa transfoma yao ya volti 16, VA 25, ikipitia diodi na kapasita ya mikrofaradi 4,700: kapasita inajaa polepole, ikiguswa swichi inajimwaga yote kwa pigo moja. Faida ya pili ni kwamba swichi ikikwama, kapasita ikishamwagika koili inapata mkondo mdogo tu na haiungui. Taa za nyumba na stesheni zina kisanduku chao cha LED cha volti 12, ampea 5, kimegawanywa nyaya tano, kila mmoja na fyuzi ya ampea 1.

Mwisho wa Machi: kununua au kusuka

Transfoma ya VA 80 yenye 15 kamili haikuwepo madukani. Iliyopatikana ni ya VA 100, kuingilia 0–220–240, kutokea 24. Tumeipeleka kwa fundi wa koili aguse upande wa kutokea tu. Koili ya kuingilia, ile inayokabili 240, isiguswe kama ni nzima. Karatasi za kuzuia umeme kati ya koili mbili ndizo zinazolinda mkono wa mtoto anayeweka behewa relini.

Kupata idadi ya mizunguko: suka mizunguko 10 ya waya wowote mwembamba uliofunikwa juu ya koili, washa stima, pima. Sisi tulipata volti 2.5, yaani mizunguko 4 kwa volti. Kwa volti 15 ni mizunguko 60. Ukiongeza asilimia 5 ya kupotea kwenye waya ni 63. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1.5 unatosha ampea 5. Mizunguko ibanwe, iliyolegea huvuma na kujisugua hadi rangi yake itoke. Baada ya kusuka, vanishi, kisha juani mpaka ikauke kabisa, maana unyevu uliofungiwa ndani ni mbaya kuliko kutopaka.

Kabla ya kuchomeka: mita ya ohm kati ya kuingilia na kutokea, kisha kati ya kila koili na chuma. Mita ya kawaida isisome chochote. Halafu kipimo cha volti 500, ambacho mafundi wa stima za nyumba wanacho. Tunataka megohm nyingi, na ikisoma chini ya mbili transfoma hairudi mezani.

Asiyetaka kusuka anunue iliyotengenezwa kwa treni za kuchezea. Atafute kwenye lebo EN 61558-2-7, alama ya miraba miwili mmoja ndani ya mwingine, na maandishi ya ta yakifuatwa na nyuzi. Ta 25 maana yake imepimwa kwa chumba cha nyuzi 25, na Malindi chumba kama hicho ni cha kiyoyozi. Chukueni ta 40, au mpunguze mzigo robo.

Aprili: fyuzi na sanduku

Plagi nyingi zinauzwa na fyuzi ya ampea 13 ndani yake. Hiyo inalinda pasi ya nguo. Tumeweka ya 3. Ndani ya sanduku, upande wa 240, kuna fyuzi ya miliampea 630 ya aina T, inayochelewa, kwa sababu transfoma ikiwashwa humeza mkondo mkubwa kwa nukta moja na fyuzi ya haraka ingekatika bure. Upande wa volti 15 kuna T ya ampea 5.

Sanduku ni la bati, limeungwa na erthi, lina matundu chini na juu hewa ipande yenyewe. Limefungwa mguuni pa meza, sentimita 10 kutoka ukutani. Kuta za mawe ya matumbawe hushika unyevu na chumvi, na chuma kilichoegemea hapo hushika kutu haraka. Nyaya zimefungwa kwa skrubu za shaba nyeupe zilizopakwa grisi. Kwenye chuma cha kawaida kutu hutokea ndani ya msimu mmoja wa kusi.

Onyo moja tunaliandika kwa herufi nzito ukutani pia. Transfoma mbili zisiungwe kamwe upande wa kutokea. Ukichomoa plagi ya moja huku nyingine inawaka, ile iliyochomolewa inafanya kazi kinyumenyume: volti 15 zinaingia kwa nyuma, 240 zinatokea kwenye pini za plagi iliyo mkononi mwako. Ndiyo maana kila transfoma yetu ina plagi za rangi yake upande wa volti ndogo, na hakuna inayoingia kwa mwenzake.

Mei: joto, na stima ikipotea

Mzigo wa majaribio ni balbu za breki za gari, volti 12 wati 21, zinapatikana duka lolote la spea. Mbili sambamba kwenye AC ya 15 zinavuta karibu ampea 4. Baada ya saa mbili, chumba kikiwa nyuzi 31, chuma cha transfoma kimefika 58 na kutulia. Kinachotakiwa ni kutulia. Kama bado kinapanda saa ya pili, VA hazitoshi au hewa haipiti.

Stima ikirudi baada ya kukatika huja na mruko. Kifaa cha kulinda friji, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kimewekwa kabla ya sanduku. Kwenye inveta ya bei nafuu isiyotoa wimbi safi, transfoma inavuma na joto limepanda hadi 71 kwa mzigo uleule, kwa hiyo stima ikipotea treni zinasimama. Anayetaka kuendesha kwa betri ya sola atumie kipandisha volti cha DC kutoka 12 kwenda 16 moja kwa moja kwenye busta, na transfoma asiihusishe.

Juni: sarafu ya shilingi ishirini

Kipimo cha mwisho. Laza sarafu juu ya reli zote mbili, kila mita moja, kila njia ya yadi. Busta lazima ikate papo hapo kila mara. Karibu na sanduku ilikata. Kona ya mbali ya yadi haikukata, na sarafu ilianza kupata moto. Sababu ni hesabu rahisi: kwa volti 14, ukinzani wa njia nzima ukizidi ohm 4.7, shoti haifiki ampea 3, na busta inadhani ni treni nzito. Wati 40 zinamwagika mahali pamoja, na plastiki ya reli inayeyuka.

Waya mkuu wa chini ya meza ulikuwa wa milimita ya mraba 0.5: mita 14 kwenda na kurudi, kama ohm 0.55. Ohm nyingine zote zilikuwa kwenye viungo vya reli vilivyoshika ukungu wa chumvi. Waya mkuu sasa ni wa 2.5, uleule wa soketi za nyumba, ohm 0.1 kwa njia nzima. Kila kipande cha reli kina waya wake mfupi wa kushuka, wa 0.5, usiozidi sentimita 20, uliolehemewa kwa risasi ubavuni mwa reli, upande wa nje ili magurudumu yasiuguse. Viungo vya reli vinashika reli zisihame tu. Havitegemewi kupitisha umeme.

Sarafu sasa inakata busta kila mahali. Iliyobaki ni kuigawa yadi kuwa eneo lake lenye balbu moja ya breki iliyoungwa mfululizo: shoti ikitokea humo balbu inawaka na kubana mkondo kwenye ampea 2 hivi, busta haikati mradi treni za njia kuu hazizidi ampea 1, nazo zinaendelea na safari. Balbu imeshanunuliwa, kishikio chake kiwe cha kauri, maana cha plastiki hakivumilii wati 21 chini ya plaiwudi.